Mwanya wa Ukubwani

Ugonjwa wa fizi una bahati ambayo magonjwa mengine hayana: hupewa pongezi. Mtu akikohoa wiki mbili mfululizo ataambiwa akapime kifua. Akikonda, mtaa mzima utamjadili. Lakini meno yake mawili ya mbele ya juu yakianza kuachana akiwa na miaka 45, wifi yake atamshika mkono shughulini na kumnong'oneza: "Wifi wewe, mwanya huo umeutoa wapi?" Swali ni zuri sana, ila limeulizwa kama sifa na litajibiwa kama sifa, wakati lilistahili kuulizwa na daktari. Mwenye mwanya, badala ya kushtuka, atacheka mara mbili zaidi ya kichekesho kinavyostahili ili urembo wake mpya uonekane, na kwa miezi kadhaa ataishi kwa amani akiamini kwamba Mungu amemkumbuka, japo kwa kuchelewa. Nashikilia kwamba hakukumbukwa. Meno yanayoachana ukubwani yanaachana kwa sababu kilichoyashikilia kimelegea, na kwa hiyo tiba yake haianzii kwenye nafasi iliyo wazi. Inaanzia kwenye kile kilicholegea, ambacho hakionekani kwenye picha na hakisifiwi na mtu.

Kabla ya kushtaki, nimwachie huru asiye na hatia. Mtoto wa miaka 7 au 8 ambaye meno yake ya mbele yameota yakiwa yameachana kwa kawaida hana tatizo; chonge zikishuka, akiwa na miaka 11 au 12 hivi, mara nyingi nafasi hiyo hujibana yenyewe. Kwa wengine haijibani, ama kwa sababu meno ni madogo kuliko taya, ama kikano kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimeshuka hadi katikati ya meno, ama ukoo mzima uko hivyo tangu enzi za babu. Huo ndio mwanya unaoimbwa, mwanya uliowapatia watu wachumba. Wala si Waswahili peke yetu tuliouona: Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, alimpa mwanya yule Mke wa Bath aliyeolewa mara tano, kwa hiyo soko lake ni la zamani. Mwanya uliokaa vilevile tangu mtu ana miaka 15 hadi ana 60, ukiwa na ufizi usiovimba wala kutoka damu, hauhitaji daktari. Unahitaji kioo tu. Kuutofautisha na ule mwingine si kazi ya mashine pia. Picha ya kitambulisho cha taifa haitusaidii, maana pale kila mtu amenuna kwa amri ya serikali, lakini picha ya harusi ni rekodi ya kuaminika: siku hiyo mtu hucheka mpaka magego yakahesabika. Aitoe kabatini, asimame mbele ya kioo, acheke vilevile. Kama kwenye picha meno yamegusana na kwenye kioo yameachana, au jino moja limeonekana refu kuliko lilivyokuwa, au meno ya juu yamejitokeza mpaka mdomo unafungwa kwa kulazimishwa, ushahidi umetosha.

Kinachowashangaza watu wazima ni kwamba jino linaweza kuhama kabisa. Tumelelewa tukiamini kwamba jino likishaota limeota, limechimbiwa kwenye taya na zege limekauka. Sivyo lilivyo. Kati ya mzizi na mfupa kuna tabaka la nyuzi laini, nene kiasi cha sehemu mbili za kumi za milimita, na jino linaning'inia humo. Ndiyo maana ukitafuna hubonyea kidogo na kurudi. Jino likisukumwa taratibu kwa muda mrefu, upande unaobanwa seli za mwili hula mfupa, na upande unaovutwa seli nyingine hujenga mfupa mpya, na jino linasogea. Mswidi Carl Sandstedt aliyaona hayo kwa darubini na kuyachapisha mwaka 1904, baada ya kuhamisha meno ya mbwa, ambaye hatujui kama alipendeza zaidi. Kazi hiyo ya kula na kujenga haina umri wa kustaafu. Jino la mtu mzima limekaa lilipo kwa makubaliano ya kila siku: ulimi unasukuma kutoka ndani, midomo na mashavu yanajibu kutoka nje, jirani wa kushoto na wa kulia wanabana, jino la taya la pili linagonga, na nyuzi zinashikilia. Ni abiria wa daladala saa moja asubuhi: hakuna aliyechagua pale aliposimama, kila mmoja amewekwa na mabega ya wengine, na akishuka mmoja wote wanatanuka.

Wa kwanza kushuka, mara nyingi, ni mfupa. Utando laini wa bakteria usiposuguliwa hugeuka ukoga mgumu, ufizi huvimba, na kwa baadhi ya watu uvimbe huo huteremka chini na kuanza kuharibu nyuzi na mfupa unaoushika mzizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu katika hali yake kali umewapata watu wazima 19 hivi katika kila 100, yaani wagonjwa zaidi ya bilioni 1 duniani. Pamoja na umati huo, hauna kelele. Jino lililotoboka humwamsha mtu saa nane usiku akaanza kumkumbuka Mungu. Ugonjwa wa fizi humwacha ale, alale na acheke. Ishara yake ya kwanza ni damu kwenye mswaki, na lawama hupelekewa mswaki kwamba ni mgumu. Ya pili ni harufu ya mdomo, ambayo mwenyewe huwa wa mwisho kupata habari. Mvutaji sigara hukosa hata ile damu, kwa kuwa tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye fizi, naye hujisifu kwamba fizi zake ni imara. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa huharibikiwa haraka zaidi, na fizi zilizooza nazo huifanya sukari yake iwe ngumu kushuka. Mwanya huja baada ya yote hayo kupuuzwa. Madaktari walipopanga upya ngazi za ugonjwa huu, katika mpangilio uliochapishwa mwaka 2018, meno kuhama na kutawanyika kwa mbele waliyaweka miongoni mwa alama za ngazi ya 4. Ngazi ya 5 hakuna. Wifi huenda amesifia ngazi ya mwisho.

Atatokea mtu wa kuuliza: hata kama ni ugonjwa, unamzuia mtu nini? Unamzuia mengi, na karibu yote hutokea mbele za watu. Pumzi ya herufi s, iliyozoea kupita kwenye upenyo mwembamba uliopimwa tangu utotoni, sasa imefunguliwa lango. Mshereheshaji mwenye mwanya mpya akikishika kipaza sauti na kutamka "sasa wasindikizaji wasimame," ukumbi mzima unasikia filimbi nne au tano, na mbwa wa jirani wanaitikia wito. Keki anayolishwa bwana harusi hurudi kwa mlishaji kwa njia ya hewa. Embe lenye nyuzi ni kesi ya peke yake: uzi mmoja huingia kati ya meno, ukashuka chini ya ufizi, na mla embe akakaa kikao kizima cha ukoo ulimi wake ukifanya kazi huko mbele, huku wazee wakidhani anakunja uso kwa sababu hakubaliani na mahari. Kisha huja njiti. Njiti husingiziwa kuwa ndiyo iliyopanua mwanya, jambo ambalo kwa sehemu kubwa ni kumwonea masikini, kwa sababu aliyeanza kuchokoa alianza baada ya nyama kupata pa kukaa. Ila njiti nayo si malaika. Ufizi ule mdogo wa pembetatu unaojaza nafasi kati ya jino na jino ukichomwa kila baada ya mlo huumia na kunywea, na kinachobaki ni tundu jeusi ambalo nyama inayofuata italiona kuwa limetayarishwa kwa ajili yake.

Chanzo cha pili tunakitengeneza wenyewe, kwa koleo. Gego limeuma, gego limeng'olewa, na mhusika ameshukuru na kusahau kwa hoja kwamba nyuma hakuna anayeona. Watu hawaoni, kweli. Meno mengine yanaona. Lililokuwa nyuma ya pengo huinama mbele kulijaza. La taya la pili, lililozoea kukutana na mwenzake, hushuka au kupanda likimtafuta. Wakiondoka magego mawili matatu, utafunaji wote unahamia mbele, kwa meno yaliyoumbwa kukata mkate na kutamka f, siyo kusaga mifupa ya kuku. Kila kutafuna kunayasukuma ya juu kwa nje, na kama mfupa wake umeshapungua, yanakwenda. Kwa hiyo mwanya wa mbele wa mwaka huu unaweza kuwa umepandwa miaka kumi iliyopita huko nyuma gizani. Tanzania ina jina katika historia ya kuliepuka jambo hili: katikati ya miaka ya 1980 ndiko ilikoanzia mbinu ya kutibu jino lililooza kwa vyombo vya mkono pekee, bila umeme wala mashine ya kutoboa, ili lizibwe badala ya kung'olewa, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Baada ya heshima yote hiyo, mgonjwa wa leo akiingia kliniki amekamata shavu, sentensi yake ya kwanza bado ni, "Daktari, ng'oa."

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya umri. Watasema meno ya mtu mzima huhama tu, kama nywele zinavyoota mvi, na hakuna haja ya kutafuta mchawi. Nusu yake ni kweli, tena nusu inayonisaidia. Meno hayaachi kusogea maisha yote, hata ya mtu ambaye hajawahi kuonana na daktari. Yale ya mbele ya chini hasa hubanana kadiri miaka inavyokwenda, na mwenyewe akajikuta jino moja limepanda begani kwa jirani yake. Gego la mwisho hulaumiwa kwa hilo, eti lilipoota liliwasukuma wenzake foleni nzima, ingawa watafiti waliolifuatilia hawajapata ushahidi wa kulitia hatiani. Sasa tazama mwelekeo. Umri hubana meno. Hayo ndiyo mazoea yake, kuyasogeza mbele na kuyasonga pamoja. Meno yanayotawanyika, yanayofunguka kama vidole vya mkono unaoaga, yanakwenda kinyume na njia ambayo uzee huyapeleka. Anayesema "ni umri tu" kwa mwanya unaopanuka ametoa maelezo ya ugonjwa mwingine.

Halafu kuna hofu ya kusafishwa meno, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu imewaweka mbali na kliniki watu wengi. Inasemwa kila mahali, na husemwa kwa uhakika wa shahidi wa macho: fulani alikwenda kukwanguliwa ukoga, akarudi nyumbani meno yamelegea na mianya imejaa mdomo mzima. Shahidi hadanganyi. Kweli fulani alikwenda akiwa hana mianya na kurudi akiwa nayo. Lakini fikiria kilichokuwa mle ndani. Ukoga wa miaka kumi ni mgumu. Daktari akiukwangua hutoka vipande vya rangi ya kahawia, vingine vikubwa kama punje ya mchele, na vikianguka kwenye beseni la chuma hulia. Vipande hivyo vilikuwa vimekaa kati ya meno, vimeshikana huku na huku kuanzia jino la kwanza hadi la sita, na juu yake ufizi uliovimba ulikuwa umefunika kilichobaki. Mwanya ulikuwepo muda wote. Ulikuwa umejaa takataka, na mwenyewe akaridhika nao kwa jinsi ulivyoziba. Baada ya kusafishwa, takataka imetoka, uvimbe umeshuka, ufizi umerudi ulipo mfupa, na kwa mara ya kwanza mtu anayaona meno yake kama yalivyo. Ni haki yake kushtuka, ila amkasirikie aliyeujenga ukoga, ambaye bahati mbaya anakaa naye nyumba moja. Meno yaliyolegea nayo yalikuwa yamelegea, ila yaliegemea ukoga. Na wataalamu wa fizi wameandika jambo ambalo mashahidi wetu hawalisimulii kamwe: baada ya fizi kutibiwa vizuri, mianya midogo, ile isiyozidi milimita 1 hivi, mara nyingine hujibana yenyewe bila waya wala gundi, kwa kuwa uvimbe uliokuwa unasukuma meno umekwisha.

Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinywani, anayekimbilia kuziba ufa ndiye anayeuangusha ukuta. Njia ya mkato inayotisha kuliko zote ni ile ya mpira. Mtu huchukua kimpira kidogo cha kufungia nywele, huyafunga pamoja meno mawili ya mbele, hulala, na asubuhi huona mwanya umepungua. Kwa siku chache anajiona amewapiga chenga madaktari. Jino lakini si nguzo iliyonyooka. Limepanuka upande wa kutafunia na kuchongoka kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo mpira uliobana hauna pa kwenda isipokuwa juu, chini ya ufizi. Unateleza, unapotea machoni, mwenyewe anadhani umekatika na kuutema, na huku ndani unaendelea kupanda ukikata nyuzi na kuua mfupa pande zote za mzizi. Matukio ya namna hiyo yameandikwa katika majarida ya tiba mara nyingi, na mwisho wake aghalabu ni meno yote mawili kung'oka. Mwanya wa milimita 2 umetibiwa kwa pengo la meno mawili. Njia nyingine ni ya kupachika kijalizo cheupe ubavuni mwa jino ili nafasi isionekane. Kwa mwanya uliotulia ni kazi safi kabisa na wala siipingi. Kwa meno yanayoendelea kutembea ni kupaka rangi gari ambalo breki zimekatika, maana mwaka ujao mwanya utafunguka pembeni ya kijalizo, na sasa jino litakuwa pana kama jembe. Wamarekani nao, pamoja na pesa zao, hawakusalimika. Kampuni ya SmileDirectClub iliwauzia watu vifuniko vya plastiki vya kupanga meno kwa posta, wengi wao bila kuketi kwenye kiti cha daktari, na Desemba 2023 ikafunga milango ghafla, wateja wakabaki na meno yaliyofika nusu ya safari.

"Waya ni za watoto" ni pingamizi linalosemwa zaidi na watu wanaoogopa kuchekwa kuliko wanaoogopa maumivu, na nawaelewa; baba wa watoto wanne kuwekewa vyuma mwaka mmoja na binti yake wa kidato cha pili ni mtihani. Kitabibu lakini pingamizi halina miguu. Seli zile alizoziona Sandstedt zipo kwa mwenye miaka 14 na kwa mwenye miaka 60. Kwa mtu mzima kazi huanza polepole zaidi, mfupa wa taya haukui tena ili kusaidia, na daktari hutumia nguvu ndogo zaidi pale mfupa ulipopungua, lakini jino husogea, kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa mwezi mambo yakienda vizuri. Kinachomzuia mtu siyo mwaka wake wa kuzaliwa. Ni ufizi unaotoka damu. Kumfunga waya mgonjwa wa fizi ambaye hajatibiwa ni kuliambia jino lihame huku bakteria wakila njia, na mfupa utakaopotea humo hautarudi kwa sababu tu meno yamenyooka. Na hili la mpangilio si ukali wa mwandishi. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Wataalamu wa Fizi wa mwaka 2022, unaohusu hasa ile ngazi ya 4, unaruhusu meno yaliyohama yarudishwe kwa waya, baada ya ugonjwa kudhibitiwa.

Kwa hiyo kwenye kiti cha daktari mambo huenda kwa zamu, na mwenye haraka hukereka. Daktari anayeijua kazi yake hatagusa mwanya siku ya kwanza. Atachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiingiza taratibu kati ya ufizi na kila jino, sehemu 6 kwa jino moja, huku akimtajia msaidizi namba: mbili, tatu, mbili, sita, saba. Hadi 3 ni salama. Sita na saba ni mashimo, na ukisikia zinatajwa mfululizo kwenye meno yale yale yenye mwanya, umeshajibiwa swali la wifi. Ataomba eksirei aone mfupa umebaki kiasi gani. Ataulizia sukari, sigara, na yale magego yaliyoondoka. Halafu ni kukwangua, chini ya ufizi pia, pengine kwa ganzi, kisha mgonjwa anarudishwa nyumbani na mswaki na vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya meno, na anapimwa tena baada ya wiki kadhaa. Wengine hapo watahitaji upasuaji mdogo wa fizi. Ni hapo tu mazungumzo ya waya, ya kujaza mapengo ya nyuma na ya kijalizo yanapoanza kuwa na maana. Watakaolia gharama wana haki ya kulia, kwa sababu waya ni ghali na bima nyingi huiita urembo. Hata hivyo hatua inayookoa meno ni ile ya kusafisha, ambayo ndiyo nafuu kuliko zote, na daktari wa meno wa hospitali ya wilaya au ya mkoa anaifanya. Anayeiruka ili apeleke pesa zote kwenye waya ananunua dari kabla ya kuta.

Kuna kipengele cha mwisho ambacho wauza tabasamu hukitaja kwa sauti ndogo: meno yaliyorudishwa hutaka kuondoka tena. Huko Seattle, Marekani, Robert Little na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia watu waliokuwa wamepangwa meno, na katika ripoti yao ya mwaka 1988 walikuta kwamba miaka 20 hivi baada ya kuacha kuvaa vifaa vya kushikilia, ni kama mtu 1 tu kati ya 10 aliyekuwa bado na meno ya mbele ya chini yaliyopangika kwa kiwango cha kuridhisha. Hao walikuwa wameanza wakiwa vijana wenye mfupa kamili. Zia Chishti, aliyevaa waya akiwa mtu mzima, aliona kwamba akiacha kuvaa kifaa chake cha plastiki meno yanahama, na akikirudisha yanarejea. Kutokana na hilo alishirikiana na Kelsey Wirth kuanzisha mwaka 1997 kampuni iliyoleta vifuniko vya Invisalign. Utajiri mkubwa, kwa maneno mengine, ulitokana na meno kukataa kutulia. Kwa aliyepoteza mfupa hali ni ngumu zaidi: atahitaji kijiwaya kilichogundishwa nyuma ya meno, au kifaa cha kuvaa usiku, na atakwenda kusafishwa fizi kila baada ya miezi 3 au 4 hata kama haoni kasoro. Hakuna tarehe ya kumaliza. Ambaye hayuko tayari kwa hayo aache pesa ya waya mfukoni, akatibiwe fizi, na abaki na mwanya wake ukiwa umetulia. Hasara hana.